Asha Si Jina Lililokatika

Kwenye chuo cha Kur'ani mwalimu akiita "Asha", mtoto anaitika. Kwenye daftari la skuli ameandikwa Aisha. Bibi yake humwita Mwanaisha, na shangazi aliyeolewa Mombasa akija matembezini humwita Esha. Mtoto ni huyo huyo, na kati yao wote hakuna aliyekosea. Kosa huja siku ya kujaza fomu, pale mwenye kalamu anaposema, "Asha ni kulikata tu, jina lenyewe Aisha," kisha akachomeka i kwa nia njema kabisa.

Hiyo i moja huja kulipiwa nauli za ofisini miaka ishirini baadaye. Lakini kabla ya habari za ofisi kuna dai lenyewe, kwamba Asha ni jina lililoharibika na Aisha ndilo sahihi. Dai hili limezoeleka Unguja na Pemba, zaidi kwa waliosoma Kiarabu kidogo. Waliokisoma sana hawalisemi, na sababu tutaiona.

Asili ya jina ni herufi tatu za Kiarabu, ain, ya na shin, zinazobeba habari ya kuishi. Kitenzi chake kwa wakati uliopita ni asha, kwa a ndefu, yaani "aliishi". Kwa wakati uliopo ni ya'ishu, "anaishi". A'isha ni mwanamke aishiye, mwenye uhai. Ni jina na dua kwa pamoja, la kumwombea mtoto abaki. Na tazama bahati ilivyo: Mwarabu akisikia Asha letu, kilichopungua hakimpotezei maana, maana kitenzi "aliishi" ndivyo hivyo hivyo kinavyotamkwa. Wanaposema "aishi mfalme", hutumia neno hilo.

Shina hilo halikutuletea jina peke yake. Kuishi ni lake. Maisha pia ni lake, kutoka ma'isha ya Kiarabu, ambayo maana yake hasa ni riziki, kile mtu anachoendeshea siku zake. Ile ma- ya mwanzo ni sehemu ya umbo la neno la Kiarabu, lakini sikio la Kiswahili likaisikia kama ma- ya mambo na mawe, likalitia neno zima katika wingi: maisha haya, maisha marefu, maisha magumu. Umbo likageuka, maana ya kwanza haikupotea. Kijana anayepanda boti kwenda Dar es Salaam akaaga kwamba anakwenda "kutafuta maisha" hatafuti uhai, uhai anao. Anatafuta riziki, na kwa kusema hivyo anatumia neno kwa maana ile ile ya Kiarabu bila kujua. Waarabu wenyewe wameivuta riziki hiyo hadi kwenye sahani. Misri ukiomba "eshi" utaletewa mkate. Kuwait na Bahrain utaletewa wali. Kila mtu amekiita uhai kile anachokula kila siku.

Hapa pana mtego wa kuuangalia. Kiswahili kina kuishi, kina na kuisha, na tofauti ni irabu moja ya mwisho. Kuisha si ndugu wa Asha hata kidogo. Hilo ni neno la Kibantu, lile lile la kwisha, na maana yake inakaribia kuwa kinyume cha lile la Kiarabu. Ndiyo maana kwenye Mwanaisha hakukosi mtani wa kuuliza mwana kaisha nini. Utani ni mzuri, ila kuna wanaoupeleka mbali wakadhani kweli jina linahusu kumaliza uzazi, mtoto wa mwisho, kitinda mimba. Halihusu.

Wala Mwanaisha si "mtoto wa Aisha", kosa jengine linaloandikwa sana siku hizi. Mwana kwa Kiswahili cha zamani cha mwambao ni bibi mwenye heshima, mwenye nyumba, hata mwenye mji. Unguja ya karne ya 17 ilikuwa na malkia aliyeitwa Mwana Mwema. Mwana Kupona wa Siu, aliyemwachia bintiye utenzi wa wasia katikati ya karne ya 19, naye hakuwa "mtoto wa Kupona". Kwa hiyo Mwanaisha ni Bi Aisha, heshima iliyogandamana na jina hadi zikawa kitu kimoja. Mwanakhamis, Mwanajuma na Mwanaidi yamejengwa hivyo hivyo, tofauti ni kwamba hayo yametaja siku. Na kazi ya kugandamanisha haijakoma: leo mwana ameondoka katika heshima ya kila siku, bi ameshika nafasi yake, na Bi Asha akiitwa kwa haraka kutoka uani husikika Biasha.

Sasa sauti. Kiswahili hakina zile sauti za kooni za Kiarabu, ain na hamza, kwa hivyo vyote viwili vilianguka mlangoni. Kilichobaki ni a ndefu ikifuatiwa na i. Watu wa Mombasa na Lamu walioipata Esha hawakubuni kitu: Kiswahili huziunganisha a na i kuwa e tangu kale. Ma- na -ino ni meno. Ma- na -iko ni meko. Na maneno ya Kiarabu yenye "ay" yamepita mkondo huo huo, khayr ikawa heri, Zubayr akawa Zuberi, Zaynab akawa Zena. Esha ni jina lililotii sarufi ya Kiswahili neno kwa neno.

Asha ndiyo inayotaka kufikiriwa. Kwa sababu Kiswahili si kwamba hakiwezi "ai". Fa'ida imekuwa faida, da'ima imekuwa daima, na hakuna aliyesema "fada" wala "dama". Ingekuwa jina hili limeingia kwa njia ya kitabu kama maneno hayo, tungetarajia Aisha tu, pengine na Esha pembeni. Kupotea kwa i kunaonyesha njia nyingine: jina lilifika kwa mdomo, likiwa limeshafupishwa baharini, kwa mabaharia, wake zao na majirani. Ushahidi uko karibu. Wasomali huandika Caasha, ambapo C ndiyo alama yao ya ain na aa ni a ndefu, i haimo. (Huyo akija kujiandikisha hapa asomwa "Kaasha", lakini hilo ni la ofisini, tutafika.) Ushahidi mwengine uko mbali kabisa. Katika wimbo wa Kihispania wa karne ya 15 wasichana watatu wa Kiislamu wa mji wa Jaén wanaitwa Axa, Fátima na Marién, na x ya Kihispania cha zama zile ilisomwa sh. Axa ni Asha. Mswahili na Mwandalusi hawakupatana popote wakaharibu jina kwa pamoja. Wote wawili walilipokea kutoka kwenye midomo ya Waarabu wa kawaida, ambao hawasemi kama wanavyoandika.

Na kwa anayeona kulifupisha ni kulikosea adabu kwa sababu ya mwenye nalo mashuhuri, Bi Aisha mke wa Mtume, Mama wa Waumini, jibu limo katika hadithi sahihi. Mtume, Swalla Allahu alayhi wasallam, alimwambia mkewe, "Ya A'ish, huyu ni Jibrili anakusalimu." Hakusema A'isha. Wanasarufi wa Kiarabu wana jina la jambo hilo, tarkhim, yaani kuiondoa herufi ya mwisho ya jina wakati wa kuita, na wanaihesabu kuwa ni upole na mapenzi. Kwa hiyo kukata hili jina kumeanzia ndani ya nyumba yake. Mwalimu wa chuo anayemkemea mtoto kwa kuitwa Asha angeanza na mlango huo wa sarufi.

Mataifa mengine hayajajisumbua. Mturuki kamaliza na Ayşe, na kwa kuwa ay kwa Kituruki ni mwezi, wapo wanaousikia mwezi ndani yake. Mhausa husema A'ishatu. Msenegali ana Aïssatou, na akilifupisha anapata Astou. Ile -tu si nyongeza ya Kiafrika kama inavyodhaniwa. Ni taa marbuta, ile t ya Kiarabu ya mwisho wa jina la kike, ikisomwa kwa dhumma, alama ya irabu u, vile vile inavyosomwa katika Kiarabu cha kitabu mtu asiposimama kwenye neno. Afrika Magharibi walilichukua jina kutoka ubaoni kwa walimu wa kusoma, ndiyo maana limehifadhi hata irabu ya nahau. Sisi tulilichukua kutoka jahazini. Ukiweka Aïssatou na Asha bega kwa bega unaona njia mbili za Uislamu kuingia bara hili, moja ya wino na moja ya chumvi. Indonesia huandika Aisyah, na jumuiya kubwa ya wanawake wa huko, iliyoundwa mwaka 1917, imejiita kwa nasaba ya jina hilo. Morocco, kinyume chake, wamemwachia jini: Aisha Kandisha, mwanamke mzuri wa uso mwenye miguu ya mnyama, ambaye watoto hutishiwa kwaye.

Turudi Unguja, Mji Mkongwe, maana kuna jambo ambalo miji mingi haina. Mtaa wa Hurumzi una hekalu la Kihindu, na katika familia zinazosali humo Asha pia ni jina la msichana. Ukilichukulia kuwa ni lile lile umekosea. Hili ni āshā la Kisanskriti, maana yake tumaini, na a zake zote mbili ni ndefu. Mwimbaji Asha Bhosle aliitwa kwa hilo. Tena Waparsi, waliokuwa wachache hapa lakini wakiwamo wazazi wa Farrokh Bulsara aliyezaliwa Unguja mwaka 1946 na kuja kujulikana dunia nzima kwa jina la Freddie Mercury, wana asha la tatu katika vitabu vya dini yao ya Zoroasta: ukweli, unyofu, mpango ulioshikilia ulimwengu. Uhai, tumaini, ukweli, yote kwa herufi nne na ndani ya mji ambao unauzunguka kwa miguu kabla ya adhana inayofuata. Hayana nasaba moja. Na "ashakum si matusi" hailihusu hata moja kati ya hayo. Hiyo ni hashakum ya Kiarabu, "mbali nanyi", iliyodondosha h.

Kwa hivyo zile orodha za majina ya watoto zinazozunguka mitandaoni, zenye kusema "Asha: Kiswahili, uhai", zimesema nusu. Zilipata soko hasa Marekani, ambako Waafrika wa huko walianza kuyatafuta majina ya Kiswahili kwa wingi miaka ile ile ilipoanzishwa sikukuu yao ya Kwanzaa, 1966. Jina ni la Waswahili, sawa. Lakini Mswahili akitaka kusema uhai husema uhai, au maisha. Hakuna atakayesema "asha yake ilikuwa fupi". Orodha hizo zina pia Eshe, nalo limeandikwa "Kiswahili, uhai". Mwambao wote unamjua Esha. Eshe wa orodha hizo si wetu. Wala jina halina dini moja kama orodha zinavyodhani: Asha-Rose Migiro, Naibu Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa kuanzia 2007 hadi 2012, ni Mkristo wa bara.

Nani basi alileta ugomvi wa Asha na Aisha? Si watu, ni hati. Zamani karani wa Unguja aliandika kwa herufi za Kiarabu, na mtu aliyesoma Kur'ani aliliandika jina kwa ain, alifu, hamza, shin na taa marbuta, hata kama aliyesimama mbele yake amejitaja Asha. Aliyesoma hati alitamka apendavyo. Andiko moja lilibeba matamshi yote matatu, Aisha, Asha na Esha. Ulipoenea mtindo wa herufi za Kirumi, ule aliouchapia Askofu Steere sarufi yake mwaka 1870 na ambao Kiunguja kilisanifiwa nao baada ya mkutano wa Mombasa wa 1928, kila tamshi likapata andiko lake. Neno la kawaida likapata kamusi ya kulituliza. Jina la mtu halikupata.

Kompyuta ikamalizia kazi. Karani wa zamani alijua Asha na Mwanaisha ni wamoja. Mashine hulinganisha herufi kwa herufi, na kwake ASHA na AISHA ni watu wawili kama ASHA na ZUBEDA. Pasipoti ina mistari miwili ya kusomwa na mashine chini ya ukurasa wa picha, kila mmoja nafasi 44. Wa kwanza unazo 39 kwa ajili ya majina, herufi kubwa A hadi Z tu. Alama ya hamza, kama ya Mhausa A'isha, hutupwa. Majina hutengwa kwa alama <, na la ukoo hutangulia. Sisi hatuna la ukoo. Tuna letu, la baba, la babu, na mwanamke wa Kizanzibari akiolewa habadilishi. Kwa hivyo tuseme Asha Juma Khamis huwa KHAMIS<<ASHA<JUMA, na shirika la ndege likamwita Bibi Khamis safari nzima. Hilo halina madhara. Madhara ni tiketi iliyokatwa AISHA, kwa kuwa aliyeikata alipiga simu nyumbani na kuulizia jina kwa mdomo. Aliyesafirisha jamaa wa Hijja anajua: nakili kutoka kwenye pasipoti, usiulize.

Kuna kinyago kingine hapo hapo. ASHA likirudishwa kwenye herufi za Kiarabu na mtu asiyejua asili yake, ataanza kwa alifu, si kwa ain, akamaliza kwa alifu nyingine. Hivyo ndivyo Wapakistani wanavyomwandika Asha Bhosle. Bibi wa Wete, Pemba, aliyeitwa kwa jina la Mama wa Waumini anafika Jeddah akiwa na tumaini la Kihindi kwenye karatasi. Akipata nafasi ya kuandika mwenyewe kwa Kiarabu, aandike عائشة.

Kwenye karatasi za nyumbani, ya kwanza ndiyo mama wa zote. Kinachoandikwa kwenye tangazo la kizazi hospitali ndicho kitakachofika kwenye cheti cha kuzaliwa, na huko ndiko Zan ID, kitambulisho cha Mzanzibari, na pasipoti zitakakochukua. Mara nyingi anayepeleka taarifa ni mjomba au jirani, na mtoto hajafika hata siku ya saba wala hajakatwa akika. Anasema "Asha", anaandikiwa anavyoona karani. Mwandikie kwenye kikaratasi, herufi kubwa, majina yote matatu. Na la babu liangalie sawasawa na la mtoto, kwa sababu kinachotokea kwa Asha hutokea kwa Khamis, ambaye bara huandikwa Hamisi, na kwa Fatma, ambaye wengine humtia u: Mswahili hupenda u jirani na m, ndiyo iliyofanya 'ilm ikawa elimu. Pemba na Unguja Khadija ana hata Kazija, jina zuri sana ambalo hakuna kompyuta itakayolirudisha kwa Khadija.

Ikiwa karatasi zimeshagombana, usianze na iliyo karibu. Watu wengi hukimbilia kurekebisha kitambulisho kwa sababu ndicho kilichokataliwa juzi, kisha pasipoti ikarudi kudai cheti cha kuzaliwa, wakaanza upya. Tafuta kwanza ile iliyo ngumu kuliko zote kubadilishwa, na hiyo kwa kawaida ni cheti cha mtihani. Kama cha kidato cha nne kimechapwa AISHA, basi mezani mwa ofisi huyo ni Aisha, hata kama mtaa mzima haumjui hivyo. Nyengine zote zifuate hiyo, kuanzia cheti cha kuzaliwa kwenda juu. Ni uchungu kwa mtu aliyetetea Asha aya kumi na mbili, lakini ndivyo ilivyo rahisi.

Barua ya sheha, kiongozi wa shehia, husaidia kuthibitisha mtu, haitoshi kuthibitisha jina. Kinachotakiwa ni hati ya kiapo mbele ya hakimu au wakili mwenye mamlaka ya kuapisha, na makosa yake ni yale yale kila mara. Mtu huandika jina analolitaka na kuacha yale anayoyakimbia, hati ikawa haina kazi, kwa sababu kazi yake ni kuyafunga pamoja. Yaandikwe yote, herufi kwa herufi kama yalivyo kwenye kila karatasi, na aina na nambari ya karatasi hiyo pembeni; tarehe ya kuzaliwa; kisha lipi litatumika kuanzia hapo. Kiapo hakibadilishi cheti, kinaeleza tu kwamba wenye majina hayo ni mtu mmoja.

Kwenye mirathi ndiko kunakouma. Shamba la mikarafuu limeandikwa kwa Asha binti fulani tangu enzi za wazee, marehemu kazikwa kwa jina la Mwanaisha, na cheti cha kifo kinasema Aisha. Warithi wakienda kwa kadhi na karatasi tatu za wanawake watatu, hata ndugu wa tumbo moja anaweza kuulizwa anamrithi yupi. Hapo huitwa wazee wawili waliomjua marehemu, waeleze kwa vinywa vyao kile ambacho andiko moja la Kiarabu lingekisema lenyewe, na karani huandika: Asha, ajulikanaye pia kwa jina la Mwanaisha.